Mwendo wa Pole

Ndugu msomaji, kabla sijaingia kwenye historia yenyewe, ngoja kwanza nikueleze habari za mzee mmoja. Ni babu yangu, mzaa baba. Alizaliwa kwenye milima ya Tarime, akajiunga na jeshi angali kijana, na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa askari waliovuka mpaka kwenda Uganda kumng'oa Idi Amin. Alirudi mzima, hakuguswa hata na kipande cha chuma. Miaka arobaini na ushee baadaye, usiku mmoja wa mvua, alitoka nje kwenda chooni, akateleza, akaanguka chini puu!

Hakuvunjika mfupa, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule babu alianza kuogopa kutembea. Akisimama anatafuta ukuta kwa mkono. Akifika mlangoni anasita kama mtu anayetazama mto uliofurika. Sisi wa nyumbani ndio tukaharibu zaidi: "Babu, kaa. Babu, usiinuke. Babu, ukitaka kitu sema tukuletee." Tulidhani hayo ni mapenzi na heshima. Baada ya miezi mitatu, mzee aliyekuwa akienda mwenyewe zizini kuhesabu ng'ombe akawa haondoki kitini bila kushikwa mkono.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, naishi kwake ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Wilaya ya Serengeti, ambako ukoo wetu una shamba. Mchana nachunga, usiku naandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono. Na ukimshika mkono mtu aliyewahi kubeba bunduki, ukausikia unatetemeka, utatafuta dawa hata mahali pasipotafutwa dawa.

Dawa yenyewe niliikuta mahali nilipowahi kuicheka.

Vijana wa rika langu taichi tuliijua kwenye mabanda ya video pale Tarime mjini. Unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, unaangalia sinema ya Kichina huku jamaa mmoja akitafsiri kwa Kiswahili cha mbwembwe. Humo ndani lazima atokee mzee mwenye ndevu nyeupe, asubuhi na mapema, anasukuma hewa polepole kwa viganja. Basi sisi tulikuwa tunapiga kelele: "Mzee, amka! Peleka mbele!" Tulitaka ngumi. Polepole ile tuliiona ni kupoteza muda wa kiingilio chetu.

Sasa siku moja mshikaji wangu alinionyesha kwenye simu yake habari kwamba madaktari wanautumia mchezo huohuo kuwazuia wazee wasianguke. Nilisoma mara mbili. Nikaanza kuifukuzia historia yake, nikidhani nakwenda China. Kumbe historia yenyewe ilikuwa inanirudisha nyumbani.

Jina lake kamili ni taijiquan, na neno hilo la mwisho, quan, maana yake ni ngumi. Naam, ngumi! Wanahistoria wengi wanaianzia katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, karne ya 17. Hapo aliishi Chen Wangting, mtu wa kijeshi wa zama za utawala wa Ming. Utawala ule ulianguka mwaka 1644, na inasimuliwa kwamba mzee alirudi kijijini, akawa analima na kuwafundisha vijana wa ukoo wake namna ya kupigana. Kwa muda mrefu elimu ile ikabaki ndani ya ukoo wa Chen, kama dawa ya mganga inayorithiwa na mtoto.

Aliyeitoa nje ni Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799. Huyu hakuwa wa ukoo ule, lakini alijifunza palepale kijijini, kisha akaenda Beijing kufundisha wakubwa wa serikali ya mfalme. Alifariki mwaka 1872. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyeishi kati ya mwaka 1883 na 1936, ndiye aliyefanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Alikuta dunia imebadilika. Bunduki zilikuwa zimekwisha kuzishinda ngumi, na askari aliyetegemea viganja vyake hakuwa na vita tena. Yang Chengfu akaondoa miruko na vishindo, akaunyoosha mchezo uende kwa mwendo mmoja, wa taratibu, mpana, ambao hata mtu mgonjwa au mzee angeuweza. Akawafundisha watu wa kawaida mijini. Mwaka 1956 serikali ya China ikaufupisha mtindo huo wa Yang kuwa hatua 24, ambazo zinamalizika kwa dakika kama sita hivi, ili kila mwananchi ajifunze. Mwaka 2020 UNESCO ikaitia taichi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Unaona mambo hayo? Mchezo wa askari ulistaafu, lakini haukukaa kitini. Uligeuka dawa ya wazee.

Kwamba ni dawa si maneno yangu. Mwaka 2012 mtafiti Fuzhong Li na wenzake kule Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti kwa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache kuliko waliojinyoosha viungo tu. Mwaka 2018 wakatoa mwingine, wa wazee 670 wenye miaka 70 na zaidi, waliokuwa wamekwisha kuanguka au wenye shida ya kutembea. Hao ndio babu yangu hasa! Kundi la taichi lilipunguza kuanguka kwa asilimia 58 likilinganishwa na kundi la kujinyoosha, na kwa asilimia 31 likilinganishwa na kundi la mazoezi mchanganyiko.

Yapo na mengine. Mwaka 2016, mjini Boston, watu 204 wenye maumivu ya magoti yaliyochakaa waligawanywa, wengine wakafanya taichi na wengine wakapewa mazoezi ya tiba ya viungo. Nafuu ya maumivu ikawa karibu sawa pande zote mbili. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya Beijing, kwa watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Baada ya mwaka mmoja, wa taichi ilishuka kwa pointi 7 hivi ile namba ya juu, wakati ya waliofanya mazoezi ya nguvu, kama kukimbia na kuendesha baiskeli, ilishuka kwa pointi kama 4 na nusu. Si muujiza, lakini si haba.

Inafanyaje kazi? Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Kunja magoti kidogo, hamishia uzito wote mguu wa kushoto, kisha nyanyua wa kulia taratibu, uuweke mbele kwa kisigino, halafu uhamishie uzito huko. Ukifanya haraka mwili unajirusha tu, hauna kazi. Ukifanya polepole, paja linaungua, kifundo cha mguu kinatafuta usawa, nyayo zinaisoma ardhi. Ubongo unapata nafasi ya kukumbuka mguu uko wapi. Pumzi inashuka chini. Halafu hofu inapungua, kwa sababu umekuwa juu ya mguu mmoja mara mia na hukuanguka. Hofu ni jambo kubwa, ndugu msomaji. Mzee anayeogopa kuanguka hutembea kidogo, akitembea kidogo misuli inanywea, na misuli ikinywea anaanguka kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi.

Sasa turudi Mara. Nilijiuliza: sisi Wakurya, tunaojulikana nchi nzima kwa ukakamavu, mbona hatuna zoezi la mzee?

Tunayo mazoezi, tena mengi, lakini hebu tazama yametungwa kwa ajili ya nani. Zamani kijana alikua na rika lake, akakimbia nyuma ya ng'ombe, akacheza ngoma ya litungu mpaka vumbi lifunike uwanja. Zoezi la kijana huyo lilikuwa la kulinda mifugo na kuifuata ikiibwa. Wakaja Wajerumani, wakajenga boma lao Ikoma, kisha Waingereza wakaifanya Tarime makao ya Wilaya ya North Mara. Vijana wetu wakaingia jeshi la KAR. Askari wa KAR walipigana Abisinia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili. Huko walifundishwa kwata: kusimama, kugeuka, kutembea kwa hesabu. Baada ya Uhuru likaja JKT mwaka 1963 na JWTZ mwaka 1964, na Wakurya tukajaa humo.

Shuleni nako tulipewa mchakamchaka. Alfajiri na baridi ya Tarime, miguu peku, mnakimbia mistari miwili na kuimba nyimbo za kumsema Idi Amin, mtu ambaye sisi watoto hatukumjua hata kwa sura. Na Mwalimu Nyerere, mwenyeji wa mkoa wetu, Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Taifa zima likajua kwamba mwili wenye afya ni mwili unaokwenda mbele.

Sizidharau hizo. Zilitujenga. Ila zote zina mwisho. Mchakamchaka unaisha siku unapomaliza shule, kwata inaisha unapovua magwanda, na baada ya hapo mtu anapewa kiti na fimbo. Zamani jembe lilikuwa linamfanyisha mzee kazi mpaka mwisho. Siku hizi wajukuu wanalima kwa plau, bodaboda inampeleka mnadani, na mzee amebaki kuota jua. Tumelirithi zoezi la vita, lakini hatukulistaafisha vizuri kama alivyofanya Yang Chengfu.

Tena Wachina wenyewe hawakuwa mbali. Madaktari wao walifika Zanzibar mwaka 1964, na mwaka 1968 wakaanza kuja Bara kutoka jimbo la Shandong. Musoma, mji mkuu wa mkoa wetu, ukawa miongoni mwa vituo vyao. Shangazi yangu alichomwa mgongoni zile sindano zao nyembamba, na mpaka leo anasema hazikuuma kuliko siafu. Sindano tulizipokea. Polepole yao hatukuiuliza.

Jioni moja nikajikaza, nikamwambia babu.

"Babu, nataka nikufundishe zoezi."

"Zoezi gani, mura?"

"La Kichina. Linafanywa taratibu."

Akanitazama kwa muda. "Lile la kama kinyonga? Nimeliona."

Nikashtuka. Aliniambia kwamba miaka ya sabini, kambini kwao, walikuwepo wakufunzi wa Kichina. Ni kweli, China ilikuwa inalisaidia jeshi letu kwa silaha na wakufunzi. Alfajiri mmoja wao alikuwa akisimama nyuma ya mabanda, peke yake, ananyanyua mguu na kuuacha hewani kama korongo. "Tulidhani anasali. Tulicheka mpaka sajini akatufokea. Sasa mimi askari mzima nicheze kinyonga mbele ya wajukuu? Ondoka hapa."

Nikaondoka. Nilikuwa nimecheka kwenye banda la video, yeye alicheka kambini. Ukoo mmoja.

Ikafika tarehe 9 Desemba. Tulikuwa tunasikiliza sherehe za Uhuru kwenye redio, gwaride linapita, mtangazaji anaeleza. Ikatoka amri: "Kwa mwendo wa pole..." Nikaona miguu ya babu, pale chini ya kiti, inaanza kunyooka. Wa kushoto ukaenda mbele, ukasubiri, ukashuka. Kisha wa kulia. Mwenyewe hajui kama anaifanya. Nikaacha gwaride liishe ndipo nikamwuliza:

"Babu, mwendo wa haraka na mwendo wa pole, upi mgumu?"

"Wa pole!" akajibu upesi, kama mtu aliyetukanwa. "Wa haraka hata kuku anauweza. Kwenye mwendo wa pole mguu mmoja uko hewani, mwili wote umekaa juu ya mwingine, na hutakiwi kuyumba. Kuruti wengi waliumbukia hapo."

"Basi yule Mchina alikuwa anafanya hicho hicho."

Akanyamaza. Nje ndama analia. Mwisho akasema, "Lete kiti kile kizito, nikishike mgongo."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sikumtajia tena neno taichi wala Uchina. Niliposema "hamisha uzito", hakuelewa. Niliposema "mwendo wa pole, mguu wa kushoto", mwili ulielewa kabla ya masikio. Tulikuwa tunaanza na mguu sawa, mikono kwenye kiti, magoti yamelegea. Kisha kuhamisha uzito kushoto, kulia, mara kumi. Kisha kunyanyua kisigino. Wiki ya tatu ndipo tulipoinua mguu mzima. Siku presha ikiwa juu au kichwa kinazunguka, hatufanyi. Dawa zake za presha hakuziacha hata siku moja, na wewe usimwachishe mzee wako.

Haikuwa rahisi. Jumamosi moja baba alifika kutoka Tarime, akatukuta uani, babu ameachia kiti, yuko juu ya mguu mmoja. Baba alifoka sijapata kuona. "Unataka kuniulia baba yangu kwa mambo ya video?" Nilikosa la kusema. Kwa mtu aliyefika ghafla, kweli nilionekana mwuaji. Na moyoni nilijua kwamba angeanguka siku ile nisingejisamehe, wala nisingesamehewa, ningebaki kuwa yule kijana asiye na kazi aliyemvunja mzee wa ukoo.

Babu alishusha mguu. Taratibu, kwa hesabu, kama alivyofundishwa. Akamgeukia mwanawe. "Mlinikalisha miezi mitatu," akasema. "Huyu ananisimamisha. Kaa kitini wewe, maana umechoka na safari."

Baba alikaa. Hakusema kitu. Jioni nilimwona nyuma ya nyumba, amesimama kwa mguu mmoja, anayumba. Ana miaka hamsini tu.

Sasa umepita karibu mwaka. Babu hajapona uzee, kwa sababu uzee hauponi. Goti la kushoto linamwuma baridi ikizidi, na usiku anatoka na tochi, nami nimeweka ubao wa kushikia njia nzima ya chooni. Lakini zizini anakwenda mwenyewe, na fimbo yake. Akifika penye tope hasiti tena kama zamani. Anasimama, anahamisha uzito, anapima, ndipo anavuka. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na mimi nilikuwa nadhani ni methali ya kuwafariji wavivu.

Wenzangu mnaoandika, tunapenda kutafuta historia kwenye vitabu na kwenye majina makubwa. Ni vizuri. Lakini sehemu ya historia ya JWTZ, ya urafiki wetu na China, na ya Mara yetu hii, ilikuwa imelala ndani ya miguu ya mzee mmoja, chini ya kiti, na ingezikwa humo kama redio isingetoa ile amri. Waulize wazee wenu walicheza nini, walitembeaje, walifundishwa na nani. Kama bibi yako alikuwa mcheza ngoma, anza na hatua za ngoma yake, uzipunguze kasi. Kama alikuwa mvuvi wa Musoma, anza na kasia. Mwili wa mzee una kitu unachokikumbuka, na hapo ndipo pa kuanzia. Kiti kiwe karibu, na mtu wa kumdaka awepo.

Ninapomalizia kuandika haya, ni alfajiri. Ng'ombe hawajafunguliwa. Uani nasikia mtu anahesabu kwa sauti ya chini, kushoto, kulia, na kati ya hesabu moja na nyingine kuna kimya kirefu. Zamani kimya kama hicho kingenitoa mbio kitandani. Sasa hivi najua mguu uko hewani, na utashuka.